Amplifaya ya stereo ya nyumbani: wati 40 zinatosha au nijikaze nitafute ya 100?

Msikilizaji_wa_Usiku

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo kabla sijafanya maamuzi ambayo nitakaa nayo miaka. Nina spika KEF Q150, nilizitamani muda mrefu sana mpaka nikazipata, na mpaka leo naziendesha kwa risiva ya stereo ya zamani ya kaka yangu, ila kaka keshahamia kwake na anaitaka risiva yake, haki yake. Kwa hiyo natafuta amplifaya ya stereo ile ya boksi moja yenye kila kitu ndani, siyo zile za chaneli tano au saba, sinema siangalii, mimi ni muziki tu.

Chumba ni kama mita 4 kwa 5, nakaa mita 2 na nusu hivi kutoka kwenye spika. Ninavyochomeka ni laptopu (muziki wa mtandaoni, nina kale ka DAC kadogo ka USB, kanakogeuza sauti ya kidijitali kuwa umeme wa sauti), TV kwa ajili ya taarifa ya habari, na mashine ya santuri aliyonipa baba mdogo pamoja na santuri zake zote, hiyo ndo naithamini kuliko vyote, sindano yake ni aina ya MM (ya sumaku inayocheza). Jumamosi mchana napandisha sauti kweli kweli, siku zingine zote nasikiliza usiku, chini kabisa, maana mtoto analala chumba cha pili.

Sasa nimesoma mpaka kichwa kimejaa. Huyu anasema wati 40 zinatosha, yule anasema chini ya 100 usijisumbue, mwingine anasema klasi A ndo muziki, mwingine anasema tafuta za miaka ya 70 hizi mpya ni bati tupu. Na kuna kitu kinaninyima raha kwenye hii risiva: usiku nikishusha sauti chini kabisa mwimbaji anahama katikati anaenda kushoto, nikiongeza sauti anarudi mahali pake. Nimebadilisha waya, nimehamisha spika ya kushoto nikaiweka kulia na ya kulia kushoto, bado anaenda kushoto. Sitaki ninunue kipya halafu nikutane na jambo lile lile. Nianzie wapi?

Fundi_Waya

Mkuu anzia kwenye spika, amplifaya inafuata. Watu wengi wanaanza na wati zilizoandikwa kwenye boksi ndo maana wanachanganyikiwa.

Q150 zimeandikwa 86 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). Maana yake ukizipa volti 2.83, ambazo kwenye spika ya ohmu 8 ni wati 1 kamili, ukikaa mita 1 unapata sauti ya 86 dB. Wewe unakaa mita 2.5, kule nje kwenye uwanja ungepoteza kama 8 dB kwa huo umbali, ila ndani ya chumba kuta zinakurudishia kiasi, na spika ni mbili siyo moja, kwa hiyo sema unabaki na 81 mpaka 84 hapo kwenye kiti chako. Kwa wati MOJA kila upande. Hiyo tayari ni sauti ambayo ukitaka kuongea na mtu aliyekaa pembeni yako lazima upaze.

Sasa shika hii: kila ukitaka kuongeza 3 dB lazima wati ziwe mara mbili, na ukitaka sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili hivi unahitaji kama 10 dB, yaani wati mara 10. Kutoka wati 40 kwenda 80 umeongeza 3 dB tu, utaisikia ndio, lakini ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ndo maana nakwambia ubishi wa wati 45 au 60 hauna faida kwako. Swali la kujiuliza ni hizo wati zinatolewaje.

Na hapa ndo pa kutulia. Q150 zinaitwa spika za ohmu 8 lakini karatasi yake yenyewe inasema kuna mahali zinashuka mpaka 3.7. Upinzani wa spika haukai sehemu moja, unapanda na kushuka kufuatana na mlio, na pale unaposhuka amplifaya inatakiwa kutoa karibu ampea mara mbili kwa volti zile zile. Amplifaya yenye transfoma ndogo na kapasita ndogo hapo inaishiwa pumzi, besi inalegea, muziki ukichanganya vyombo vingi unakuwa kama umefunikwa blanketi. Kwa hiyo ukisoma karatasi ya amplifaya usiishie kwenye wati za ohmu 8, tafuta na za ohmu 4. Kama ohmu 8 inatoa 50 na ohmu 4 inatoa 80 au zaidi hiyo ina misuli. Kama ohmu 4 haijatajwa kabisa, au imeandikwa usiunge spika chini ya ohmu 6, kaa nayo mbali.

Mfano ambao kila fundi anaujua ni NAD 3020 ya mwaka 1978. Kwenye karatasi wati 20 tu kila upande, boksi la kawaida, sura ya kawaida, na ikawa moja ya amplifaya za nyumbani zilizouzwa sana duniani kwa sababu ilikuwa inasukuma spika ngumu ambazo amplifaya zenye wati nyingi kwenye karatasi zilikuwa zinazikimbia. Wati 20.

Na PMPO (wati za kilele za kwenye matangazo tu) ukiiona popote funga ukurasa. Hata kule Marekani mwaka 1974 serikali ilibidi iweke kanuni ya namna ya kutangaza wati za amplifaya maana watengenezaji walikuwa wanaandika namba wanazojisikia. Unachotaka ni wati za RMS (zile za mfululizo), chaneli ZOTE mbili zikifanya kazi pamoja, kuanzia 20 Hz mpaka 20 kHz, na upotoshaji umetajwa. Ikiandikwa wati 100 kwa 1 kHz na upotoshaji 10% hiyo siyo 100.

Besi_Nzito

Fundi nakuheshimu ila hapo kwenye wati mi nakataa. Nilikuwa na amplifaya ndogo ya wati 25, spika zangu zimeandikwa zinabeba mpaka 120, nikajiambia niko salama kabisa, amplifaya ndogo itaiua vipi spika kubwa. Siku dada yangu kamaliza chuo tukafurahi nyumbani, watu wengi, kelele za watu zinapanda na mimi napandisha volyumu, ikafika mwisho. Sauti ikaanza kuwa kali kali kama mtu anakwaruza sahani, nikadhani ni wimbo wenyewe. Baada ya nusu saa nikasikia harufu ya kitu kinaungua, nikaenda karibu na spika ya kulia nikaweka sikio, matoazi hakuna, herufi s za mwimbaji hakuna, twita (kale ka spika kadogo ka milio ya juu) kimya. Nimeifungua kesho yake, uzi wa koili umekatika na umekuwa mweusi. Kwa hiyo mi namshauri ndugu yetu atafute wati 100 alale usingizi.

Fundi_Waya

Pole sana mkuu, na ulichosema ni kweli kimetokea na kinatokea kila siku, ila sababu tuiweke vizuri ndugu yetu asije akaelewa vibaya. Twita haikufa kwa sababu amplifaya ilikuwa ndogo, ilikufa kwa sababu amplifaya ilipelekwa kupita mwisho wake. Ikifika mwisho haiwezi tena kuchora wimbi lote, inalikata juu na chini linakuwa bapa, na wimbi bapa lina milio mingi ya juu ambayo haikuwepo kwenye wimbo. Halafu kingine, besi zikishafika dari haziongezeki tena lakini vitu vya juu vinaendelea kuongezeka kila unapopandisha, kwa hiyo twita ambayo kwa kawaida inakula wati mbili tatu unakuta inalishwa nyingi mfululizo nusu saa nzima. Ule mkwaruzo ulioufananisha na sahani ndo amplifaya yenyewe ilikuwa inakuomba ushushe.

Amplifaya ya wati 100 ingekupa nafasi zaidi ndio, kwa sherehe iliyojaa watu nakuunga mkono. Lakini na yenyewe ukiipeleka mwisho itaua twita, tena haraka zaidi. Jamaa hapa anakaa mita 2.5 peke yake na santuri zake.

Mkuu uliyeuliza, badala ya kubishana pima mwenyewe, ni dakika kumi. Tafuta faili la mlio wa 100 Hz uliorekodiwa kwenye kiwango cha juu kabisa, yaani 0 dB. Cheza muziki wako kwa sauti kubwa kuliko zote unazowahi kusikiliza, ile ya Jumamosi. Ukifika hapo usiguse volyumu tena, wala ya laptopu wala ya risiva. Zima risiva, CHOMOA spika zote mbili, washa tena, cheza ule mlio, chukua mita ya fundi weka kwenye volti za AC, pima pale spika zinapochomekwa. Namba utakayoipata izidishe kwa yenyewe halafu gawa kwa 8, hizo ndo wati za juu kabisa ambazo muziki wako unaweza kudai. Tumia 100 Hz siyo mlio wa juu maana mita nyingi za kawaida zinadanganya kwenye milio ya juu. Na kama kwenye programu ya muziki umewasha ile ya kusawazisha sauti za nyimbo basi izime kabla ya yote, vinginevyo muziki unakuwa umeshushwa na mlio haujashushwa, hesabu inaharibika.

Mwingine atakayesoma hapa ana amplifaya ya taa za vioo ASIFANYE hivi, zile haziwashwi na mlio bila spika, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuharibika. Za tranzista hazina shida.

Sauti_Safi

Kaka mimi nimevutiwa na huyo mwimbaji wako anayehama kushoto, hakuna aliyemgusa na kwa maelezo yako ndo kitu kitakachokusumbua kuliko wati. Umesema siku nyingi unasikiliza usiku chini kabisa. Basi amplifaya yako ichaguliwe kwa usiku, siyo kwa Jumamosi.

Naomba ujaribu kitu kimoja. Usiku weka santuri, shusha sauti iwe ndogo sawasawa na ile ya laptopu, halafu sikiliza, je mwimbaji anahama na hapo?

Msikilizaji_wa_Usiku

Dada umejuaje!! Nimejaribu sasa hivi. Santuri hahami, anakaa katikati palepale. Laptopu ndo anahama. Kumbe ni DAC mbovu?

Sauti_Safi

DAC yako ni nzima kabisa, ni volyumu. Ndani ya ile nobu ya kuzungusha kuna njia mbili, moja ya kushoto na nyingine ya kulia, zinasuguliwa pamoja na mkono mmoja. Katikati na juu zinafanana vizuri, ila kule mwanzoni kabisa, pale nobu ndo inaanza kutoka sifuri, hazifanani, moja inaanza kupitisha sauti kabla ya mwenzake. Hilo lipo hata kwenye vifaa vizuri, siyo ugonjwa wa risiva ya kaka yako peke yake.

Sasa kwa nini laptopu tu. Hizi DAC na mashine za CD zinatoa kama volti 2. Risiva za zamani nyingi zilitengenezwa zikitegemea sehemu ya kumi ya hiyo tu ili zifike wati zake zote. Kwa hiyo ukichomeka DAC, nobu ukiigusa kidogo tu tayari sauti kubwa, na usiku unabaki unacheza na milimita mbili za mwanzo, hapo hapo penye kasoro. Santuri inaingia dhaifu zaidi, unalazimika kuzungusha nobu mpaka sehemu nzuri, mwimbaji anatulia.

Dawa yake ya leo leo: shusha sauti kwenye laptopu kama 12 dB hivi, halafu pandisha kwenye risiva. Kama laptopu inatuma biti 24 hupotezi kitu cha kusikika. Ukinunua mpya, angalia mambo mawili. Moja, kama volyumu yake ni ya chipu au ya swichi zenye rezista, hizo kushoto na kulia zinalingana mpaka chini kabisa. Mbili, hata kama ni nobu ya kawaida, ukienda kujaribu nenda na DAC yako, mwambie muuzaji aishushe mpaka iwe mnong'ono na usikilize katikati. Kila mtu akienda kujaribu anaomba apandishiwe.

Na kingine cha usiku, usidharau kitufe cha loudness kama amplifaya inacho. Sikio la binadamu likisikiliza chini linapoteza besi kuliko linavyopoteza sauti za katikati, Fletcher na Munson walilipima hilo wakalichapisha mwaka 1933, siyo maneno ya wauzaji. Hicho kitufe kinarudisha besi pale sauti inapokuwa ndogo. Yamaha wengine wana nobu kabisa badala ya kitufe, unaongeza taratibu kwa kadiri unavyoshusha, mi naitumia kila siku na nikiikosa muziki wa usiku unakuwa mwembamba. Kuna watu watakwambia mwenye sikio hagusi vitu hivyo. Achana nao, usiku ni wako.

Kuhusu santuri za baba mdogo: hakikisha nyuma pameandikwa PHONO na ni ya MM. Sindano ya MM inatoa kama milivolti 3 mpaka 5, wakati DAC inatoa volti 2, ni tofauti ya mara 400 na zaidi. Lakini siyo udogo tu, wakati wa kukata santuri besi hupunguzwa na milio ya juu huongezwa, karibu 20 dB kila upande ukifika mwisho, kwa mkunjo ambao viwanda vilikubaliana tangu 1954, ndo ile RIAA unayoiona imeandikwa. Phono inapindua ule mkunjo unarudi sawa. Ukichomeka santuri kwenye tundu la AUX (la vifaa vya kawaida) utasikia sauti ndogo, kali, haina besi, kuna watu wamelaumu sindano bure kwa jambo hili. Na ule waya mwembamba peke yake unaotoka kwenye mashine ya santuri ufunge kwenye skrubu ya ardhi nyuma ya amplifaya. Mimi nilihama nyumba nikausahau, wiki nzima nasikia mvumo mmm chini ya kila wimbo, nikachomoa taa, nikachomoa friji, nikahamisha amplifaya chumba kingine, kumbe waya umelala nyuma ya kabati.

TV iunge kwa optiko (waya wa mwanga), inatosha. Ila ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV uweke PCM (sauti ya kidijitali isiyobanwa), maana ukiacha Dolby amplifaya nyingi za stereo hazikielewi kitu kinachokuja na utasikia kimya au makelele. Na kwa optiko rimoti ya TV mara nyingi haishushi sauti, utashika rimoti ya amplifaya. Kama hilo litawasumbua nyumbani tafuta yenye HDMI ARC (tundu la HDMI linalopokea sauti kutoka TV).

Mkongwe_wa_Stereo

Naona za zamani zimetajwa zikapitwa. Mimi nina mbili za miaka ya 70 na nazipenda, zile nobu ukizigusa unajua umeshika kitu. Lakini sitamwambia mtu anunue kwa kuangalia picha.

Ukienda kuiona nenda na mita. Iwashe, usikie ile relei ya kulinda spika, inagonga TIK baada ya sekunde chache. Isipogonga kabisa, au ikigonga na kuachia na kugonga tena, kuna tatizo ndani. Baadaye bila muziki wowote, volyumu sifuri, pima volti za DC (umeme unaokwenda upande mmoja tu) pale spika zinapochomekwa. Chini ya milivolti 50 ni sawa, ukikuta mia kadhaa usiunge spika zako hapo hata kwa dakika moja, umeme wa DC unapasha koili ya spika bila kutoa sauti yoyote ya kukuonya. Zungusha kila nobu na kila swichi taratibu ukisikiliza, mikwaruzo ya vumbi inasafishika kwa dawa ya kupuliza, hiyo isikutishe. Kapasita kubwa zikiwa zimevimba vichwa au kuna unyevu unyevu chini yake hizo zinabadilishwa, na ukishaanza kubadilisha hizo unakuta nyingine nazo zimekauka. Kama huna fundi unayemwamini karibu, nunua mpya yenye garantii.

Na angalia volti nyuma!! Vifaa vingi vya zamani vilitengenezwa kwa masoko tofauti, kuna vya 100, vya 120, vya 230. Nilipokea moja kama zawadi kutoka kwa rafiki, nilifurahi vile sikugeuza hata kuangalia nyuma, nikachomeka. Ilikuwa ya 120 na ukutani ni 230. Iliwaka mwanga mzuri ajabu kwenye dirisha la mita zake, sekunde mbili, ukasikika mlio na moshi mweupe ukatoka kwenye matundu ya juu. Transfoma ndo hiyo. Nyingine zina swichi ya kubadilisha nyuma au chini, nyingine hazina kabisa na hapo unahitaji transfoma ya pembeni.

Mwanafunzi_wa_Umeme

Klasi nazo, yaani namna tranzista za ndani zinavyofanya kazi, kwa kifupi maana aliuliza. Klasi A tranzista hazipumziki hata muziki ukiwa kimya, ndo maana inachemka, hata kwa hesabu ya karatasi haivuki 50% ya umeme kugeuka sauti, kwenye maisha ni chini ya hapo. AB ndo nyingi tulizonazo, wati chache za mwanzo zinaenda kama A halafu tranzista zinagawana kazi. D inawasha na kuzima kwa kasi kubwa mno, inafika karibu 90%, haichemki, inakuwa ndogo na nyepesi. Watu bado wanaisema D vibaya kwa sababu ya zile za mwanzo, ila za sasa zilizotengenezwa vizuri ni nzuri sana, mi mwenyewe natumia. Herufi isikuamulie.

Yoyote utakayochukua usiibane kwenye kabati na usiweke kitu juu ya matundu. AB nayo inahitaji hewa.

Msikilizaji_wa_Usiku

Wakuu nimerudi, na naandika hii saa sita usiku huku nasikiliza.

Kwanza mwimbaji. Nimeshusha laptopu 12 dB, nikapandisha risiva. Nobu ambayo nilikuwa naigusa kama naogopa kuiamsha sasa naizungusha mpaka karibu robo. Yuko KATIKATI. Yupo kati ya spika mbili kama mtu amesimama pale ukutani, na nasikia anavuta pumzi kabla ya kuanza mstari. Nyimbo hizi nazisikiliza mwaka wa tatu huu. Dada Sauti_Safi ubarikiwe sana.

Pili nimepima kama fundi alivyosema. Sauti yangu ya Jumamosi, ile ambayo mke wangu anakuja kusimama mlangoni, mita imesoma volti 6.3. Nimezidisha nikapata 39.7, nikagawa kwa 8, wati 5! Nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea. Halafu nikapima na sauti ya usiku, volti 0.9, yaani sehemu ya kumi ya wati moja. Nilikuwa natafuta wati 100.

Kwa hiyo nimepunguza orodha, nimebaki na Yamaha A-S301 na Marantz PM6007. Zote zina phono ya MM, zote zina optiko kwa ajili ya TV. Yamaha imeandikwa 60 na ina ile nobu ya loudness, Marantz imeandikwa 45. Mngekuwa nyie?

Fundi_Waya

Wati 5 kwenye ohmu 8, na pale Q150 zinaposhuka kwenye 3.7 inakuwa kama 10 na kitu. Zote mbili zinakutosha na chenji inabaki, kwa hiyo wati usiziangalie tena. Sikiliza.

Besi_Nzito, na wewe ukipata nafasi pima siku ya watu wengi, nina hamu ya kuiona hiyo namba.

Besi_Nzito

Nimeshachomoa spika mkuu. Nitaleta namba.

Sauti_Safi

Kwa usikilizaji wako wa usiku moyo wangu uko kwa ile nobu ya loudness, siwezi kukuficha. Ila masikio ni yako. Ukienda, nenda na DAC, laptopu, na santuri moja ambayo unaijua mwanzo mpaka mwisho, siyo wimbo wa kuonyeshea wa dukani. Spika waombe wakuwekee Q150 zile zile au beba za kwako.

Msikilizaji_wa_Usiku

Nabeba za kwangu. Jumamosi asubuhi kaka anakuja na gari kuchukua risiva yake, tunapitia huko huko. Santuri nimeshachagua, ile ambayo baba mdogo ameandika jina lake kwa kalamu kwenye kona ya gamba, na nitaanza na laptopu kwa sauti ya chini kabisa nione mwimbaji anasimama wapi.